Chuma Ndani ya Sanduku la Spana

Kaloleni, Kisumu
Jumatatu, saa kumi jioni

Omondi mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda soko la Kibuye kununua begi, na ninavyokujua utazunguka vibanda vyote, ubishane na kila mtu, kisha urudi na lile lile begi uliloliona mwanzo. Kwa hiyo nina muda. Nimefunga kazi mapema. Kuna baiskeli mbili zimelala hapa mbele yangu bila magurudumu, na wenyewe watanitukana kesho, lakini wacha wanitukane.

Sitakuandikia mambo ya kufunga mlango na kuchunga mfuko wako mjini. Shangazi yako Atieno ana mdomo wa kutosha kwa kazi hiyo. Wala sitakufundisha kusali au kuchagua marafiki. Una miaka kumi na tisa, na kama kuna kitu hukukipata kwangu kwa miaka yote hiyo, hutakipata kwa karatasi mbili. Nina jambo moja tu, na ningeliweza kulisema kwa mdomo ningelisema zamani.

Jumapili tulipotoka kanisani nilikuwa nyuma ya pazia nikivua viatu. Nilimsikia dada yako Akinyi akikuuliza kama utapita Pap Onditi kuaga kaburi la mama yenu kabla ya kwenda Nairobi. Ukamjibu, na maneno yako nimeyashika yote: "Nikamuage nini? Angenirudishia ile chuma vile aliambiwa, saa hii singekuwa naenda kupasuliwa tena." Akinyi akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza. Lakini Akinyi alinyamaza kwa sababu hajui, na mimi najua.

Mama yako hakukurudishia chuma kwa sababu hakuwa nacho. Kilikuwa huku Kisumu, ndani ya sanduku langu la spana, na ufunguo wa sanduku ulikuwa mfukoni mwangu.

Basi, nimeshaandika. Nimeinuka kunywa maji nikarudi, na maneno bado yapo.

Wacha nianze mwanzo, maana mengine ulikuwa mdogo. Ulizaliwa na mguu wa kushoto umegeukia ndani, unyayo ukitazama mguu mwenzake. Nyanya yako alisema utanyooka ukianza kutembea. Ukaanza kutembea, ukawa unakanyaga kwa ubavu wa mguu mpaka ngozi ya hapo ikawa ngumu kuliko soli ya kiatu changu. Mama yako alikubeba hospitali hii na ile, na mimi kila mara nikisema tungoje kidogo. Ulikuwa na miaka sita alipopata daktari wa mifupa aliyekubali kukupasua. Walilegeza mishipa ya nyuma ya kisigino, wakaugeuza mguu, wakaufunga plasta mpaka gotini. Plasta ilipotolewa baada ya miezi mitatu, mguu ulikuwa mwembamba na umejaa magamba, lakini ulikuwa umenyooka. Mama yako aliushika kwa mikono miwili akacheka mpaka muuguzi akamwambia apunguze sauti.

Kisha tukapelekwa kwa Mzee Wekesa. Pengine unamkumbuka, yule fundi wa viatu vya chuma pale hospitalini, mtu mfupi wa kutoka Bungoma, aliyeshika misumari kwa midomo akifanya kazi. Alichora mguu wako juu ya kipande cha katoni, na wiki iliyofuata akatupa buti lenye vyuma viwili vilivyopanda hadi chini ya goti, na mkanda mpana wa ngozi wa kuvuta kifundo kisirudi ndani. Alipomaliza kukufunga alimgeukia mama yako.

"Mama Omondi, sikiza vizuri. Operesheni ni nusu. Daktari amenyoosha, lakini hiyo mguu bado inataka kurudi kwenye ilikuwa. Hii chuma ndio itaizuia."

"Kwa muda gani, Mzee?"

"Usiku na mchana, mpaka mimi niseme. Kuoga unatoa, unarudisha. Ikimchuna, usitoe ukaweka kando. Leta kwangu nipanue. Kutoa, kila mtu anajua kutoa."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo nikitikisa kichwa kama fundi mwenzake. Nilimwambia hata rimu ya baiskeli ni hivyo hivyo, ukiinyoosha na usikaze spoki, jioni imepinda tena. Tukacheka sote wawili. Kwa hiyo mtu asije akakuambia kwamba baba yako hakuelewa.

Mama yako aliifanya kazi ile kila siku bila kuruka. Alikuvalisha soksi nyembamba ndani nje, ili mshono usikuchune. Aliingiza kisigino kwanza, akakandamiza goti lako mpaka asikie kisigino kimekaa chini kabisa, ndipo afunge mkanda wa kifundo, na kamba mwisho. Jioni alikivua chuma akakuogesha, akakuweka karibu na dirisha akatazama ngozi kidole kwa kidole. Wekundu ukiondoka kabla ugali haujaiva, ni sawa. Usipoondoka, kesho yake asubuhi yuko kwa Mzee Wekesa kabla hajafungua mlango. Wiki tatu za kwanza ulilia karibu kila usiku. Jirani mmoja wa mstari wetu wa nyumba alimwuliza, "Kwani unafunga mtoto kama mbuzi?" Mama yako akamjibu, "Mbuzi anafungwa akachinjwe. Huyu nafunga atembee."

Mimi ukilia nilitoka nje. Huo ndio msaada niliotoa.

Ulikuwa na miezi miwili ndani ya chuma wakati baba yako mkubwa Odongo alipoanza kunisumbua juu ya dala, boma langu mwenyewe. Nilikuwa nimepita miaka arobaini na bado, nikienda nyumbani Nyakach, kule Pap Onditi, nalala kwenye kibanda changu cha ujana katika dala la baba yetu. Wenzangu wote walikuwa wamefungua dala zao, na mimi naitwa mtoto mbele ya watoto. Mila unaijua. Mwanamume huenda alfajiri mahali papya akiwa na jogoo, mtoto wake wa kwanza wa kiume akibeba shoka, na mkewe akibeba moto. Nyumba inaanza kusimama siku hiyo hiyo. Bila wewe nisingeweza kufungua dala.

Tulifika Ijumaa. Odongo alikuona ukitembea uani, vyuma vikigonga mawe, akasema mbele ya watu, "Huyu ndiye atabeba shoka? Na hiyo pingu? Bwana, unafungua dala ama unafungua jela?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini usiku wote nilikuwa nikikisikia kile kicheko, na kulipokaribia kucha nilikuwa nimeshaamua.

Asubuhi ile najua unaikumbuka, maana umemsimulia Akinyi mara nyingi. Mama yako alikuwa ameenda kuchukua makaa kwa nyanya yako. Nikakukalisha juu ya jiwe nikafungua mikanda. Ukaniuliza, "Baba, Mzee Wekesa amesema sawa?" Nikasema, "Amesema sawa." Ukabeba shoka begani, ukatembea kwenye umande kwa mguu ulionyooka, na akina mama wakapiga vigelegele. Mama yako aliporudi na moto aliutazama mguu wako, akanitazama mimi. Alisema kwa sauti ya chini, "Baba Omondi, kuoga tu ndio tunatoa." Nikamjibu, "Ni leo tu."

Nilikuwa na furaha siku ile, Omondi. Nakuambia ukweli. Nilitembea nyuma yako na jogoo mkononi, nikiwa na dala na mtoto mwenye miguu miwili kama ya watu, na sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile.

Usichokijua ni kilichofuata. Mama yako na ninyi wawili mlipaswa kukaa katika dala jipya, na mimi nilipaswa kurudi kazini Jumatatu. Wageni walikuwa bado wanakuja kutazama nyumba, shemeji zangu, watu wa kanisa, na nilijua nikiondoka tu mama yako atakufunga chuma kabla basi halijafika Ahero. Kwa hiyo nilikiweka ndani ya sanduku la spana, nikapiga kufuli, nikapanda basi nalo. Nilijiambia wageni wakiisha nitakirudisha. Sikumwuliza mama yako wala sikumuaga vizuri.

Nimesikia watu wakijitetea kwamba walisahau. Mimi sikusahau. Kila siku ya kazi nilifungua lile sanduku, na kila siku chuma chako kilikuwa kimelala juu ya spana namba kumi na nne, nami nikakisogeza ili niichukue. Mara mbili mama yako alimtuma mwanamke wa Pap Onditi aliyekuja mjini kununua dagaa wa omena. "Mama Omondi anasema chuma." Hayo tu. Mara ya kwanza nikasema mwambie Jumamosi. Mara ya pili nikasema mwambie asinifundishe kazi. Wewe kule ulikuwa ukimwuliza chuma kiko wapi, naye akikuambia, "Kinakuja." Najua unalikumbuka neno hilo, kwa sababu ulimrushia usoni miaka mingi baadaye.

Wiki ya tano alikuja mwenyewe. Alikubeba mgongoni kutoka dala mpaka barabarani, akafika hapa hapa nilipokaa ninapokuandikia, miguu yake imejaa vumbi hadi gotini. Alisema, "Nipe." Nikafungua sanduku, wewe bado umelala mgongoni mwake. Akakukalisha juu ya benchi kati ya wateja, akaanza kukuvalisha vile alivyozoea, kisigino kwanza. Kisigino hakikushuka. Alikandamiza goti, ukapiga kelele mpaka watu wa kinyozi wa jirani wakatoka nje. Kati ya kisigino chako na soli palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Najua ni viwili kwa sababu aliviingiza akavishikilia hapo, akaniangalia. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana.

Mzee Wekesa alipoupapasa mguu wako alisema tu, "Imerudi," akatuandikia kwenda kwa daktari. Pale ndipo ulipo mwanzo wa jambo lenyewe. Ulikuwa umekaa juu ya kitanda cha kupimia, mlango uko wazi, na foleni yote ya kliniki inasikia. Daktari alikuwa kijana na amechoka. Akasema, "Nyinyi akina mama mnaambiwa na hamsikii! Mtoto amekuwa na nani hizo wiki tano?"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Nikaitazama ile kofia.

Mama yako akasema, "Na mimi, daktari."

"Na hukumvalisha?"

"Sikumvalisha."

Hakusema uongo hata kidogo. Wewe ulisikia kwa masikio yako mwenyewe, mtoto wa karibu miaka saba mwenye maumivu, na ulichosikia kikakaa. Sikulaumu kwa hilo. Ungemwamini nani kama si mama yako mwenyewe?

Tulipofika nyumbani nilimwuliza kwa nini hakunitaja. Alikuwa akichambua mboga, na hakuinua kichwa. Akasema, "Akinikasirikia mimi, usiku bado nitamvalisha chuma. Akikukasirikia wewe, utamkimbia. Nakujua." Nilikasirika sana kusikia vile. Nikatoka nje, nikarudi usiku, na hivyo nikawa nimemthibitishia.

Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mambo yaligeuka. Asiyesikia alikuwa mkuu mwenyewe, na guu lililovunjika ni la mtoto.

Ulirudishwa kwenye plasta, kisha chuma cha pili, na kile cha pili ulikivaa miaka miwili. Hakuna usiku hata mmoja ambao mama yako hakukifunga. Hata alipokuwa na homa aliinuka, akakufunga, akarudi kulala. Lakini daktari alikuwa ametuambia, mishipa ikishapona vibaya haikubali mara ya pili kama ya kwanza. Mguu ulibaki ulivyo, mgumu, ukikanyaga kwa ubavu, na kila ulipoongezeka urefu maumivu nayo yaliongezeka. Shuleni walikupa jina ambalo sitaliandika. Ulikuwa na miaka kumi na tatu uliporudi siku moja shati limechanika, ukamwambia, "Wewe ndio uliniharibu. Kinakuja, kinakuja, na hakikukuja!" Nilikuwa mezani nakula. Mama yako aliniangalia kwa nukta moja tu, akaniachia nafasi. Sikuichukua. Akaokota shati akaenda kulishona.

Nafasi nyingine ilikuwa hospitalini mwaka juzi, alipokuwa hawezi tena kukaa bila kuegemezwa. Nilimwambia, "Nitamwambia Omondi." Akasema, "Umwambie wewe mwenyewe, si kupitia kwa pasta." Akafa Alhamisi. Tulipomzika mkono wa kushoto wa nyumba, katika dala lile lile ulilolifungua na shoka, kila mtu alitupa udongo isipokuwa wewe. Ulisimama kando ya ua ukasema mguu unauma. Nilikuwa na udongo mkononi na ukweli mdomoni, nikatupa udongo peke yake.

Baada ya matanga nilimwuliza mzee mmoja wa ukoo wetu kama mila inakataza mtoto kuingia dala akiwa na chuma mguuni, kama nilivyokuwa nikijiambia miaka yote. Alinitazama kama mtu aliyelewa. "Nani alikuambia hivyo? Na shoka alibeba ni ya nini, ya mbao?" Akacheka, nami nikajua kwamba hata hiyo mila niliyokuwa nikijificha nyuma yake haikuwepo. Kilichokuwepo ni mimi na kicheko cha Odongo.

Sasa unakwenda kupasuliwa tena, na baada ya plasta utapewa chuma kingine. Nasikia siku hizi wengine wanatengenezewa cha plastiki kinachoingia ndani ya kiatu. Hilo tu ndilo nitakaloongeza la mashauri, na silo langu, ni la mama yako na Mzee Wekesa. Kisigino kwanza. Tazama ngozi kila jioni mahali penye mwanga. Kikikuchuna, mrudishie fundi akirekebishe, hata akikununia. Siku utakayojiambia "ni leo tu", kaa chini kwanza. Mimi najua urefu wa hiyo leo. Na kutakuwa na Odongo wako huko Nairobi, msichana au rafiki au mtu wa kazini, atakayekitazama kile kitu na kucheka. Utataka sana kucheka naye. Sina dawa ya hapo, maana mimi nilishindwa nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili.

Sikuombi msamaha kwa barua hii. Nikikuomba, utalazimika kunijibu, na una safari. Kama utakaa miezi bila kuniandikia, nitaelewa, na sitakukimbia. Nitakuwa hapa kwenye benchi.

Nimefanya mambo mawili bila kukuuliza, na hayo ndiyo ya mwisho nitakayokufanyia bila kukuuliza. Tiketi yako ya Nairobi nimeibadilisha kutoka kesho iwe Jumatano. Daktari anakungoja Ijumaa, kwa hiyo hutachelewa. Basi la Pap Onditi linatoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, ukitaka kulipanda. Sitakuja nawe. Nilishakuingiza katika dala lile mara moja kwa ajili yangu mwenyewe. Na chuma chako cha kwanza, kile kidogo, kiko chini ya karatasi hizi. Mama yako alikihifadhi kwenye blanketi miaka yote, na mkanda wake bado ni laini, maana alikuwa akiupaka mafuta. Sanduku la spana liko pale kwenye pembe. Nimelitoa kufuli.

Jambo la mwisho. Kila daktari mpya aliyewahi kuushika mguu wako ameuliza swali lile lile, kwamba baada ya operesheni ya kwanza nani aliacha ukakaa bila chuma. Mara zote umejibu, "Mama," na wao wakaandika kwenye kadi. Ijumaa atauliza tena. Atakuwa ameshika kalamu.

Mwambie aandike baba.

Ni mimi,
Baba yako